Jaji Alinishukuru Nikimzika Mke Wangu

Aliyemuua mke wangu alipewa kifungo cha nje, halafu jaji akanishukuru mimi. Kwa jina. Mbele ya watu.

Na mimi sikuwa hapo. Siku hiyo nilikuwa Bungoma, udongo wa kaburi ungali kwa viatu vyangu.

Niliachia masomo darasa la sita, kwa hivyo msinisahihishe. Sikilizeni tu.

Ilikuwa 1998. Tulikuwa tunaishi Riverdale Park, huko Amerika. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi, na Genoveva wangu, Mtanzania wa Bukoba, alikuwa anachunga mama mzee mzungu huko Herndon, anaitwa Bridget. Kumuogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Alikuwa analala huko huko, wikendi ndiyo anarudi kwangu.

Bridget alikuwa na kijana, Ethan. Kijana gani, miaka arobaini, hana kazi, anaishi chumba cha chini kwa nyumba ya mamake. Hasira karibu.

Jumanne moja Genoveva alimwambia aache kumfokea mamake. Ethan akamsukuma ngazini.

Alifika hospitali akiwa anaongea. Kesho yake akanyamaza.

Ethan akakamatwa. Nikasema sawa, hii ni Amerika, sheria iko.

Wiki hiyo ndiyo Cheryl alibisha kwangu. Mmarekani mweusi, mama wa miaka hamsini hivi, raba miguuni, daftari kwapani. Alikuwa na kagazeti kake, kurasa nane za fotokopi, anakatengeneza kwake Takoma Park na kukaacha kwa masaluni na makanisa madogo. Kazi yake ilikuwa moja. Mwanamke mweusi akipigwa ama akiuawa, yeye anaenda kukaa kortini, anaandika jaji amesema nini. Magazeti makubwa hayakuwa na nafasi ya kina Genoveva.

Nilimfukuza. Pasta wetu alikuwa ametuonya kwamba mambo ya magazeti yatatuharibia makaratasi ya kuishi Amerika. Nikamwambia anatafuta jina kwa maiti ya mke wangu.

Hakukasirika. "Nitakaa kwa kesi yake hata kama hunitaki," akasema, akaenda.

Matanga yakaendelea. Hata Bridget aliletwa, kwa kiti cha magurudumu, na maua mapajani. Watu wakanong'ona. Pasta akasema mgeni wa msiba hafukuzwi.

Kiongozi wa mashtaka akaniambia kesi itachukua miezi, nenda uzike. Nikaenda.

Nilikaa wiki tano. Kurudi, kesi imeisha.

Kule kortini hakuna aliyetaka kuongea na mimi. Dirisha hili wananituma lile, lile wananirudisha hili. Nikameza aibu, nikaenda Takoma Park kumtafuta yule niliyemfukuza.

Cheryl akafungua daftari. Alikuwa ameandika kila kitu, hata saa ambayo jaji alipiga miayo. Ethan alikubali kosa, halafu wakili wake akasimama na barua. Jaji akaisoma, akasema mjane huyu Simiyu ametufundisha maana ya moyo mkubwa, tunamshukuru. Akamwachilia Ethan akalale kwa mamake.

"Barua gani?" nikauliza.

Akanipa nakala. Chini kabisa kulikuwa na sahihi yangu, imepinda kama njia ya kuku.

Nilikaa chini kwa sakafu yake.

Mnajua desturi yetu. Kila aliyekuja kwa matanga lazima ashukuriwe. Silvanus, katibu wa kamati ya mazishi, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni, aliniletea rundo la barua za Kiingereza siku moja kabla ya ndege. Barua ni moja, kilichobadilika ni jina juu. Familia inakushukuru kwa kusimama nasi, hatuna kinyongo na yeyote. Nilitia sahihi zote bila kuuliza.

Na Bridget alikuwa ameandika jina lake kwa kitabu cha wageni. Barua yake ndiyo wakili wa Ethan alipeleka kortini.

Nikampigia Silvanus simu. "Mzee, mimi nilifuata kitabu," akasema. "Jina la kwanza mpaka la mwisho. Ulisoma ukasaini."

Alijua vizuri sijui Kiingereza cha karatasi. Pasta naye akaniambia nimwachie Mungu. Wakubwa hawa, wakiharibu ndiyo wanamkumbuka Mungu.

Cheryl akaniuliza polepole, "Mista Simiyu, nikiandika haya, watu wako watasema wewe ndiye uliyemtoa."

"Na usipoandika?"

"Itabaki kwamba ulimsamehe."

Nikamwambia aandike. Aweke na ile sahihi.

Kagazeti kakatoka. Jaji hakusoma. Kiongozi wa mashtaka hakujibu simu. Kanisani wakaniachia benchi zima peke yangu, na Silvanus akatangaza kwamba nimeaibisha kamati. Nikasema basi, nimejianika bure.

Wiki ya tatu simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ananong'ona.

"Mzee Simiyu, naitwa Wamaitha. Nimesoma hiyo gazeti kwa saluni. Hiyo nyumba ya Herndon, mimi ndiye niko hapo sasa."

"Nani alikupeleka?"

"Pasta. Aliniambia mwenye alikuwa hapa aliteleza."

"Na Ethan?"

"Jana alinishika shingo."

Nilidraiv mchana huo huo, Cheryl kando yangu na daftari lake. Wamaitha akatoka na mfuko mmoja wa plastiki na slipa za nyumbani miguuni. Ethan alisimama mlangoni akitutazama, akaona Cheryl anaandika, hakusogea.

Huko ndani mama mzee alikuwa anaita. "Genoveva. Genoveva, maji."

Tukaingia kwa gari, tukaondoka.

Ndugu zangu, msiba ukikufika, lia kwanza. Shukrani zingoje mpaka upate mtu asiyekuogopa wala kukudharau, akusomee kila neno. Na anayebisha na daftari usimfungie nje kwa sababu mwenye suti amekutisha.

Wamaitha yuko hai, ana watoto wawili. Genoveva wangu niliwaachia wenye kamati.