Nguo za Kurudia

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia Mkuu wa Bohari mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilihisi sauti haikutoka vizuri. Aliitikia zote mbili. Kisha akanipa patasi na kipande cha tyubu ya baiskeli, akasema niivalishe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikasimama nikiwaza kama ananijaribu au ananidhihaki. Ilikuwa kazi tu.

Kiwanda chetu cha kukamua mafuta kilikuwa mali ya shirika la umma, lenye kiwanda kingine Mwanza. Mtambo ukigoma kule, fundi wetu alipanda ndege na sanduku la zana, na kulifunga sanduku ndiyo ilikuwa kazi yangu. Makali huvalishwa mpira, ncha huchomekwa kwenye kizibo cha chupa. Tupa hutenganishwa kwa karatasi ngumu, maana zikigusana zinalana meno. Grisi hufutwa yote. Na chenye makali hakikai kwenye begi la mkononi hata kiwe kidogo namna gani. Kinaingia tumboni mwa ndege, kimefungwa vizuri ili mkaguzi akitia mkono asikatike. Kila sanduku lilipoondoka nilirudi chumbani kwangu Kilakala nikashindwa kula, nikikiona kiganja cha mpakizi nisiyemjua kikichanika.

Mkuu wa Bohari alikuwa na desturi yake. Chini kabisa ya sanduku tulilaza seti ya pili ya mipira na vizibo, aliyoiita nguo za kurudia. "Hawa wakifika watavuliwa tulizowavika, zitupwe," alisema akizigusa zana. "Sasa watarudi na nini?"

Halafu yakaja mageuzi. Mashirika yakauzwa, letu likiwemo, viwanda vyote viwili vikaenda kwa mwekezaji mmoja. Mkuu wa Bohari akastaafishwa mapema, akaja Meneja Mpya, kijana mwenye adabu aliyezungumza taratibu. Kila asubuhi tulisikia kitengo fulani kitafungwa, jioni kikawa kingine. Karakana ndiyo iliyotajwa zaidi, na karakana ilikuwa ni Fundi Mkude, mtu wa Mgeta, aliyeingia pale kabla sijaanza shule.

Mtambo wa kukamulia wa Mwanza ulipoharibika, Meneja Mpya aliagiza Fundi aende na zana zote nzuri. Nilipokuwa nalaza mipira chini ya sanduku, Meneja alisimama mlangoni akauliza ile ni ya nini. Nikaeleza. "Toa," alisema. "Unaongeza uzito bure."

Nilizunguka bohari nikilipima neno hilo. Labda alimaanisha uzito kweli, ndege hupima. Lakini mipira ile ilikuwa myepesi kuliko kitabu. Mwishowe nikaenda karakana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Mbona umekunja uso, umemeza tupa?"

Nikamwambia. Hakuacha kupangusa mikono.

"Basi sanduku halirudi," alisema. "Na karakana bila zana ni banda la kuku."

"Usiende."

"Nisipoenda ataenda mwingine, halafu wataniita mkaidi."

Alichukua kikwangulio chake, chuma cha pembe tatu cha kulainishia beringi za shaba, alichokitengeneza mwenyewe kutokana na tupa chakavu. Kile hakikuwa cha kiwanda. Alitaka kukitia mfukoni mwa koti akae nacho kwenye ndege. Nikamwambia wakaguzi watakichukua na hatakiona tena.

"Kwa hiyo nimpe mwekezaji au niwape wakaguzi?"

Tulikivalisha mpira mara mbili, nikakifunga ndani ya suruali yake ya kazi, katikati ya begi lake la nguo. Begi hilo lingeingia tumboni mwa ndege kama sanduku, ila kwa jina lake. Na nguo za kurudia nilizotoa sandukuni nikazijaza pembeni mwa begi hilohilo. Alinitazama nikizipanga.

"Wewe mtoto unahangaika," alisema.

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege Dar es Salaam. Mkaguzi alifungua sanduku, akapapasa kote, akautoa mkono mzima. Akauliza nani kalifunga. Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Fundi alirudi baada ya wiki kadhaa, kwa basi. Mtambo ulikuwa unazunguka. Zana zilibaki Mwanza, na barua ya kupunguzwa kazi ilikuwa ikimsubiri. Alikuja bohari kwanza, akanimwagia mezani mipira na vizibo, vyote bado safi.

"Nimekurudishia nguo," alisema. "Wenyewe hawakuja."

Kikwangulio alikuwa nacho. Alikitumia miaka yake iliyobaki, kwenye meza ya mbao nyuma ya nyumba yake, akitengeneza mashine za kusaga za watu. Nami nilifuata kwenye orodha ya kupunguzwa, nikafunga mizigo ya wengine mahali pengine hadi nilipostaafu. Vijana wa leo hunisikiliza kwa heshima nikiwaambia visu vinaingia begi gani. Nikifika kwenye nguo za kurudia, huniambia watanunua hukohuko.

Zile za Fundi ninazo. Mpira umekauka, ukiukunja unapasuka. Bado natafuta sanduku la kuzitia.