Kupima Stima Bila Mwenzangu

Mume wangu alipofariki, niliendelea kufungua karakana yetu ya Laini Saba kila asubuhi kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Tulikuwa mafundi wa jenereta, sisi wawili. Yeye alisimama kwenye injini, mimi kwenye mita, tukiitana kwa sauti juu ya mngurumo. Baada ya kumzika nikawa naifanya kazi hiyo peke yangu, nikikimbia kutoka injini hadi mita kama mtu anayefukuza kuku.

Siku moja nikaitwa kanisani, Kawangware. Spika zilikuwa zinaungua, balbu zinapasuka, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameapa kwamba stima iko sawa. Mlinzi wa kanisa, mzee mpole mwenye sweta iliyotoboka kiwikoni, akanionyesha mita ya jenereta. Kweli, mshale ulikuwa umetulia palepale unapotakiwa. Nikatoa mita yangu ya mkononi, nikapima waya zenyewe. Volteji ilikuwa juu mno.

"Mzee, nani aligusa hii injini?"

"Ni mimi. Ilikuwa inapiga kelele sana wakati wa maombi, nikaipunguza mwendo. Mshale ukashuka. Fundi akaja, akapandisha stima mpaka ukarudi."

Nikaelewa. Mita ile haisomi stima moja kwa moja. Katikati iko transfoma ndogo ya kupimia, inayoshusha volteji ili mita iweze kuibeba, na imeundwa kwa mawimbi hamsini kila sekunde. Injini ikizunguka polepole, mawimbi yanapungua, kila wimbi linakaa muda mrefu zaidi ndani ya chuma cha transfoma, na chuma kinashiba. Kikishashiba hakipitishi yote. Mita inaonyesha kidogo kuliko ukweli, na anayeiamini anazidi kuongeza.

Nilimweleza mzee hayo yote kwa mikono na mdomo, hata mengine ambayo hakuuliza. Wiki hiyo yote sikuwa nimezungumza na mtu ila muuza maji.

"Sasa shika hapa," nikamwambia, nikamwekea mkono kwenye kishikio cha mafuta kinachoongeza mwendo wa injini, nikarudi kwenye mita. "Ongeza! Ongeza tena!"

"Hapa?"

"Hapo! Usiachilie!"

Hivyo hasa ndivyo nilivyokuwa nikimwita mume wangu juu ya mngurumo. Hamsini ilikuwa imetimia, lakini sikuweza kuinua macho. Nikainama kana kwamba natafuta bisibisi.

"Mama, uko sawa?"

"Ni moshi tu, mzee."

Nikashusha volteji taratibu mpaka mita zote mbili zikasema jambo moja. Mzee akacheka kwa furaha, mkono wake bado uking'ang'ania kishikio.

"Kelele je?" akauliza.

"Tutaisogeza jenereta nyuma ya choo. Mwendo wake usiuguse tena."

Tukaisukuma pamoja. Akanisihi nije Jumapili nisikie spika mpya watakazofunga.

Nilienda. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na dirisha la nyuma. Kwaya iliimba vizuri, lakini mimi nilikuwa nasikiliza injini, jinsi ilivyokuwa ikizunguka bila kuyumba. Mama aliyekuwa kando yangu aliniuliza kama nimekuja na familia. Nikamwambia niko peke yangu. Akasogea, akanifungulia kitabu chake cha nyimbo katikati yetu, nami nikaimba kwa sauti ya chini hadi ibada ilipokwisha.