Kromosomu Niliyoifunga Kwenye Kitenge

Siku ile tulikuwa wanne kwenye mkeka wetu wa Nyamugari, hapa Gitega: mimi, mdogo wangu Mwajuma, ambaye ndiye mama yako, Yusufu, kitinda mimba wetu, aliyezaliwa na ulemavu wa akili, na shangazi Zena, aliyekuja kutoka Muyinga kutusalimu. Wazazi walikwisha kututoka. Nawataja wote, mwanangu, kwa sababu niliwakosea wote.

Niliacha shule mapema ili niwalee wadogo zangu. Niliuza viatu vya mitumba mtaani Magarama. Vilikuja gunia zima vimechanganyika, na kazi yangu ilikuwa kutafuta jozi.

Mwajuma alirudi na kazi ya biolojia: karatasi yenye picha ya kromosomu za mtu mmoja, vile vijiti vidogo vinavyobeba urithi wetu ndani ya mwili. Aliambiwa azikate, azipange mbili mbili, kubwa hadi ndogo, kisha aseme mtu huyo yukoje.

"Dada, we uko na jicho. Nisaidie."

"Mi nitajua nini mambo ya wasomi?"

"Iko kama viatu vyako tu. Angalia urefu, angalia kiuno, hapa panapobanwa, kiko wapi, na hii mistari."

Nilipanga upesi kuliko yeye. Shangazi akacheka: "Kumbe mwanafunzi ni huyu muuza viatu!" Yusufu akapiga makofi. Mimi nilichomwa moyo. Sare ile ya shule aliyovaa Mwajuma ingekuwa yangu. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, na haikunipunguzia dhambi.

Mwajuma alipoinuka kufuata gundi, niliona kati ya zile ndogo ziko tatu zinazofanana. Kwenye viatu sijawahi kukuta jozi ya viatu vitatu, kwa hiyo nilijua hapo pana jambo. Ningemwambia, angesifiwa. Nikaifunga moja kwenye fundo la kitenge, ninapowekea funguo. Akarudi, akahesabu arobaini na sita, jozi ishirini na tatu. "Huyu hana shida!" akaandika.

Kesho yake alirudi na zero. Mwalimu alisema zilikuwa arobaini na saba, yeye amepoteza moja.

"Mtoto mwenye tatu za namba ishirini na moja anazaliwa kama Yusufu wetu, dada," aliniambia akilia. "Si laana. Si kosa la mama."

Mwanangu, majirani walimsema mama yetu kwa ajili ya Yusufu mpaka akaingia kaburini. Jibu lake lilikuwa kiunoni kwangu, nami nikalishika fundo.

Shangazi alinitazama. "Hapo umeshika nini?"

"Funguo, shangazi."

"Funguo haimtoi mtu jasho."

Mimi sikufungua.

Nimesikia mdogo wako amefaulu na wewe umekwama, na hamsemeshani. Wivu utakuja tu, sisi ni watu. Ukija, useme kwa mdomo wivu huo ungali mdogo: "Nami nilitaka." Ningalimwambia Mwajuma hivyo, angalinifundisha kila jioni, namjua. Nilinyamaza, nikamwibia yeye, na mama, na Yusufu, na mimi mwenyewe sikupata kitu.

Mungu akupe jicho la kuona cha mwenzio na moyo wa kumwachia. Akuzidishie, na mdogo wako pia.

Kikaratasi kile bado ninacho, kimegeuka rangi ya chai. Mama yako sasa anafundisha biolojia Muyinga, na hajui. Usimwambie wewe. Nitakipeleka kwa mkono wangu.