Korongo wa Galula

Asajile alikuwa mtoto wa wakulima wa kijiji cha Mbebe, na udaktari wake ulikuwa wa hesabu, si wa sindano. Aliporudi kutoka masomoni mwaka 1978, alipewa kazi ya utafiti ya miaka miwili huko Galula, kwenye mazalio ya nzige wekundu. Alitakiwa atunge kanuni ya kubashiri nzige wangapi hubaki nyasi zikishapigwa dawa mpya. Kanuni ikishika, angeajiriwa moja kwa moja. Isiposhika, angefunga virago.

Viwanja vya majaribio alivizungushia bendera nyekundu. Kila alfajiri alipita akipangua nyasi, akihesabu nzige walioruka, na idadi ikaporomoka kama jiwe kisimani. Kitu kimoja tu kilimsumbua: hakuona mizoga. Akakata shauri kwamba inaliwa na korongo, akawatengea korongo nafasi yao ndani ya kanuni, na hesabu ikatulia.

Alipanga chumba kwa Marta, mjane mcheshi aliyemtania kwamba serikali imekosa kazi hadi inamlipa mtu ahesabu wadudu. Siku moja kabla ya wakubwa kuja kukagua, Marta alimwandalia tena ugali kwa nzige wa kukaanga, kama jana yake na juzi. Asajile akala, akasifu, kisha akauliza, kwa mazungumzo tu, walikotoka.

"Kwenye bendera zako," Marta akasema. "Wale hata hawaruki, mwanangu. Unaokota tu kama maharage."

Asajile akarudisha tonge bakulini. Akauliza kama hawakusikia tangazo lake kwenye mkutano wa kijiji, kwamba nzige wa humo wasiguswe. Marta akamwambia mkutanoni walikwenda wanaume, nao hawakusema neno majumbani. Wanawake walipoona bendera, wakajua mhesabu nzige amewaonyesha walipo wengi. Kijiji kizima kimeokota.

"Mama, ile ni sumu."

Marta akatazama bakuli, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akilamba vidole.

"Na wewe umekula," akasema taratibu. "Tutakufa?"

Asajile alikuwa na kanuni ya nzige, ya mvua, ya korongo. Ya watu hakuwa nayo.

"Sijui, mama."

Wakapita nyumba kwa nyumba, Marta mbele akiita kwa lugha ya kwao, wakimwaga nzige shimoni ungo baada ya ungo. Watoto kadhaa walitapika mpaka wakalegea. Hakufa mtu.

Wakubwa walipofika walimkuta aking'oa bendera, magoti yametapakaa matope. Wakaulizia kanuni. Akasema haifai, alikuwa amewasingizia korongo. Basi mizoga ililiwa na nani, mmoja akauliza. Asajile akageukia shimo la nzige.

"Korongo ni sisi," Marta akajibu kutoka kando ya shimo.

Mwezi uliofuata Asajile alifunga virago. Marta alimsindikiza hadi barabarani, mjukuu mgongoni, na njia nzima hakumtania.