Kinyungu Nilichonunua Bila Kungoja Ulanzi

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya kiangazi, na kila nionapo mtu akikunja karatasi na kuitia mfukoni kwa kuridhika, siku hiyo hunirudia. Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne huku kwetu Mufindi, mwendo wa nusu siku kutoka Nyololo. Shule nilisoma miaka miwili tu. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani ambayo mwenye duka alifungia sukari. Kijijini tuliojua kuandika tulikuwa watatu, nami nilitembea kana kwamba niko peke yangu.

Jirani yangu aliitwa Yohani. Alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wa kuoza, nami nilimwita kaka. Alikuwa na kinyungu, bustani ya bondeni, pale kijito kinapopinda. Wewe unavijua vinyungu: mlimani kukikauka, bondeni udongo bado una unyevu, na mwenye tuta lake hula mahindi mabichi wakati wengine wanakwangua ghala. Mimi bonde sikuwa nalo. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kila kiangazi mke wangu alikwenda kuomba mboga kwa watu.

Mwaka ule Yohani alikuwa akimwoza mwanawe Lukas kwa binti mmoja wa Nyololo, jina lake Skola. Wakwe walitaka ng'ombe, na Yohani hakuwa naye. Mimi nilikuwa na mtamba mmoja. Tukakubaliana: mtamba wangu kwa kinyungu chake.

Kwa desturi yetu, bonde halibadili mikono kimyakimya. Mwenye kutoa huwaita majirani wa pande zote na wazee wa ukoo, wakautembea mpaka kwa miguu, kisha wakakaa kunywa ulanzi pamoja. Lakini ulanzi hugemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, na sisi tulikuwa mwezi wa saba.

Yohani akasema, "Mdogo wangu, tungoje ulanzi. Wewe lima tu. Wakwe nao watangoja. Yako maneno ambayo sina budi kuyazungumza na mama kwanza."

Nikamjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa na methali nyingi siku zile, na kila moja ilinipeleka nilikotaka. Sikutaka kulima kwa hisani. Nikapima mwenyewe: hatua arobaini na mbili kwa ishirini na tisa. Nikaandika kurasa mbili kwa mwandiko safi, nikamsomea, akatia dole gumba. Hatukuwa na mtu mwingine. Maneno yale aliyotaka kuyazungumza na mama yake sikumwuliza ni maneno gani. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Yaliyofuata yote yalizaliwa hapo.

Nililima misimu miwili. Lukas akamwoa Skola, msichana mcheshi aliyeimba akiteka maji hata sisi wa ng'ambo ya kijito tukajua amekwenda na amerudi. Kisha akarudi Festo.

Festo alikuwa mdogo wake Yohani. Alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, akakaa miaka sita bila salamu, na wengi tulimhesabu kama amekufa. Alirudi na mke, kikohozi kisichokoma, na jembe moja. Akashuka bondeni akanikuta napalilia. Hakugomba. Aliniuliza tu nani kanipa sehemu yake, kwa maana baba yao alipogawa bonde, upande ule wa kijito alimgawia yeye.

Tulikwenda barazani kwa jumbe. Nilivaa koti, nikatoa karatasi yangu. Jumbe akaisoma yote, polepole, akasema imeandikwa vizuri. Kisha akasema, "Sasa waite walioutembea mpaka." Sikuwa na wa kumwita. Yohani hakuficha kitu. Alisema alidhani mdogo wake hayupo tena duniani, na mahari ilimbana. Wazee wakaamua: bonde ni la Festo, mimi nivune nilichopanda, Yohani anirudishie mtamba. Wakanisihi nimpe muda mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe alikuwa zizini kwa wakwe.

Nilikataa. Nilikuwa nimeaibika mbele ya watu, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kugawana naye. Nikasema hukumu ni hukumu, nikampa mwezi mmoja tu. Nikaweka alama za siku ukutani kwa mkaa, na siku zilipotimia nikamtuma mtu kwa Yohani. Akaenda Nyololo, akarudi na mtamba wangu. Ng'ombe aliporudi huku, Skola alirudi kwao. Alipita njia ya kijitoni na mkeka wake kichwani, na siku hiyo hakuimba.

Asubuhi yake alikuja mama yake Yohani. Tulimwita Bibi Semgimwa. Alisimama uani, hakutaka kiti.

"Kamwene, mjukuu wangu."

"Kamwene, bibi."

"Ng'ombe wako kafika?"

"Kafika, bibi."

"Basi mfundishe kusoma, jioni muwe mnasomeana. Jirani wa kuzungumza naye huna tena."

Akaendelea, bila kupandisha sauti: "Mimi kusoma sijui. Lakini siku baba yao alipogawa bonde lile, nilikuwepo, nimeshika jembe. Mlango wangu unauona kutoka kwako. Ungevuka ukaniuliza."

Lukas hakukaa. Alijiandikisha kazi ya mashamba ya katani, akaenda Tanga, wala hakurudi. Mwaka wa pili, moyo ukiwa umenielemea, nilimswaga ng'ombe yule pamoja na ndama wake hadi Nyololo, nikampa mkono baba yake Skola na kumsihi aipokee tena mahari ile. Alinipokea kwa heshima, akanipa ugali, akaniambia binti ameshaolewa Kihesa. Nikarudi na ng'ombe wangu. Yohani alikuwa akinijibu salamu, ila kaka hakuwa tena. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyu nimemlea mpaka leo.

Basi nisikilize. Sikuambii uache kuandika. Andika, na uandike vizuri. Lakini karatasi ije mwisho, baada ya miguu. Uutembee mpaka pamoja na wanaopakana nao, na umtafute mwanamke mzee aliyelima pale kabla hujazaliwa, umsikilize mpaka amalize. Uliza nani hayupo, na fungu lake liko wapi. Aliye mbali si maiti. Muuzaji akikuambia ana neno la kuzungumza na mama yake, mwache akazungumze, hata msimu ukupite. Msimu hurudi. Na siku ukipewa haki yako barazani, kabla hujaidai yote, tazama inatoka katika nyumba ya nani. Mimi sikutazama.

Mungu akupe ardhi ambayo jirani atakuonyesha mpaka wake kwa furaha. Ulime ushibe, na kila upitapo kijitoni, wa ng'ambo wakuite kwa jina.