Bushera Ambayo Sikuionja

Kila Jumatatu asubuhi nashuka mpaka daraja la Rusizi ya Pili, naketi kwenye jiwe la upande wetu, naangalia wanaovuka mpaka wa nchi kutoka Bukavu. Walinzi wa barieri wamenizoea. Mmoja huniuliza, "Maman, leo tena?" Namjibu, "Leo tena. Na wewe si uko hapa tena?" Wenzake wanacheka. Halafu narudi nyumbani, na hapo ndipo magoti yanaponikumbusha umri. Kushuka hata jiwe linajua. Kupanda ndiyo kazi.

Namngoja mjukuu wangu wa kiume. Nina wajukuu wawili, na niliwalea mimi, maana binti yangu alikufa wakati yule wa kike bado ananyonya. Baba yao alikuwa mtu wa ng'ambo. Alikuja kwenye matanga, akalia sana, akarudi kwao Bukavu. Nikabaki na watoto, jembe na mbuzi mmoja. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini nasema bila haya: watoto wale hawakulala njaa hata siku moja, na hawakutumwa kuomba chumvi kwa jirani. Wa kiume akawa mwashi. Ukuta wake ukiuwekea maji juu, hayajui yaende upande gani. Akavuka kwenda kujenga Bukavu, kwa ndugu za baba yake. Wa kike akabaki na mimi, anavusha mayai kuyauza ng'ambo.

Kwa mayai hayo ndipo alipompata rafiki yake. Siku hiyo pale darajani watu walisukumana, sinia la mayai likaanguka, mayai yote yakawa uji. Mjukuu wangu akakaa chini kwenye vumbi akaanza kulia. Msichana mmoja wa Bukavu, Mushi kwa kabila, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akamwaga samaki wake kwenye kitenge chake, akachota mayai yale kwa viganja viwili na kuyatia kwenye ndoo.

"Unafanya nini?" mjukuu wangu akamuuliza.

"Ninaokota pesa yako. Weye lia tu, miye nitapika."

Walitafuta mama mmoja mwenye jiko la makaa, wakakaanga omuleti yenye harufu ya sambaza, wakawauzia watu wa pikipiki mpaka ikaisha. Jioni mjukuu wangu alirudi akinuka kama ziwa, anacheka peke yake. Toka siku hiyo wakawa kitu kimoja. Wakinunua kitenge wananunua kimoja na kukigawa. Yule wa ng'ambo alikuja kwangu wakati wowote alipotaka, akavua viatu, akaingia jikoni kabla ya kunisalimu. Wote wawili waliniita Koko, jinsi wa ng'ambo wanavyomwita bibi. Hata mjukuu wangu wa kiume alikwenda kumjengea mama wa rafiki huyo jiko, jiko zuri la matofali lenye bomba la moshi, na kila mara msichana yule akilisifu, mimi ndiye niliyenenepa.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo huwezi kuelewa yaliyotupata. Kwetu mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji hivi hivi. Anamimina, anaonja yeye kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa kwa mikono miwili. Ni kusema: kama kuna ubaya humu, umeanza na mimi. Na ng'ambo ndiyo zaidi. Wale wanaogopa karuho, sumu ya polepole ambayo mtu hutiliwa kinywani na anayemchekea, na mama humfundisha mtoto kabla hajaota meno: usinywe mpaka mwenyewe amekunywa. Mimi nimeonja maisha yangu yote. Nimewaonjea wageni bushera, ile togwa yetu ya mtama, hata siku nilizokuwa na homa.

Halafu ng'ambo vikaja vita. Waliovileta walisema ni mapinduzi, wanakuja kuondoa wezi na kuinua watu wadogo. Labda. Maneno hayo nimeyasikia tangu matiti yangu hayajaota, na kila yakipita yanapita na mbuzi wa mtu.

Mji wa Bukavu ulipoangukia mikononi mwao, simu ya mjukuu wangu wa kiume ilikuwa imenyamaza wiki nzima. Ikalia mchana mmoja, mimi nachambua maharagwe.

"Koko, niko na bo sasa."

"Na nani?"

"Na bo. Niko na bunduki." Bo, kwa ng'ambo, ni wao: wale waliouchukua mji.

"Nani alikupa bunduki weye, muntu wa mwiko na lipu?"

Mpaka leo sijui kama walimchukua au alijiunga. Aliuliza tu kama mbuzi amezaa, nikamwambia amezaa wawili, akasema vizuri, simu ikakatika.

Nilimshika mkono mjukuu wangu wa kike, nikampeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la mama yake, nikamwapisha. Asiseme kwa mtu. "Hata kwa yule wako wa sambaza. Hasa yule." Ng'ambo palikuwa na watu ambao wangewachomea nyumba ndugu za baba yake kwa ajili ya bunduki ile. Na wakubwa wa kijana wangu wakisikia kwamba dada yake ni rafiki wa familia yenye mtoto aliyeshika silaha dhidi yao, wangemwona msaliti. Maana hilo nalo lilikuwepo: mdogo wa kiume wa msichana yule alikuwa ameingia kwa vijana waliojaribu kulinda mtaa wao. Mtoto wa shule bado, mwenye miwani.

Mjukuu wangu aliapa. Lakini aliapa akitazama ndizi, hakutazama kaburi.

Daraja lilifungwa, likafunguliwa. Siku ya tatu baada ya kufunguliwa msichana akaja. Hakuwa na ndoo. Nilikuwa sijamwona bila ndoo tangu nimjue. Alivua viatu, lakini hakuingia jikoni. Alikaa kwenye benchi la wageni, benchi ambalo hajawahi kulikalia.

"Koko, mdogo wangu hatumuoni. Siku kumi. Banasema bijana mingi balipelekwa ku kambi yao. Ninatafuta muntu mwenye iko na wake kule ndani. Aulize tu jina. Kama amekufa, Maman aache kumuwekea chakula."

Mjukuu wangu akanitazama. Mimi nikatazama chungu.

"Sisi hapa tungejua wapi, mtoto wangu," nikasema.

Nikainuka nimpe kitu cha kunywa, maana mikono ikiwa na kazi uso unapumzika. Nikachota bushera, nikajaza kopo, nikampa kwa mikono miwili. Nikarudi kuketi.

Sikuonja.

Sikukusudia. Kinywa kilikuwa kimejaa ule uongo, hakikuwa na nafasi. Miaka yote ile, halafu siku ile.

Msichana alilishika kopo akalitazama. Kwangu hajawahi kutazama kopo. Nilidhani hata haoni kama naonja au sionji, kumbe mtu aliyefundishwa na mama yake anaona daima.

"Koko," akasema polepole, "leo haukuonja."

"Meno yananiuma."

"Bushera haitafunwe, Koko."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Alijaribu kuliweka kopo chini, taratibu, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala, na nikajua kwamba likigusa sakafu hatarudi tena katika nyumba hii. Mjukuu wangu naye alijua. Alilichukua kutoka mkononi mwake, akanywa nusu nzima, akafuta mdomo kwa kiganja, akamrudishia.

"Kunywa. Haina kitu ndani. Kitu iko mu kinywa ya Koko." Halafu akasema, "Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, iko na bo. Iko na bunduki. Tangu mwezi. Nitamuuliza."

Nilimtukana. Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, kaburi la mama yake liko karibu. Lile la mwisho nalikumbuka: "Umemuuza kaka yako kwa kopo la bushera!"

"Si weye njo ulitufundisha? Muntu akikunywa kwako, ni wako."

"Nilikufundisha kukaribisha wageni. Sikukufundisha kuzika!"

Nilimngoja msichana yule ainuke atoke mbio. Mimi ningekimbia. Alikaa tu, kopo mapajani.

"Tangu mwezi," akasema. "Na juzi tulicheka ku simu, weye na miye."

"Ndiyo."

"Ulicheka na hiyo mu roho."

"Ndiyo. Nisamehe."

Alilizungusha kopo mapajani. "Jiko ya Maman ni yeye alijenga," akasema mwishowe, kama anajibu swali la mtu mwingine. Kisha akanywa nusu iliyobaki, yote, mpaka machicha.

Asubuhi yake mjukuu wangu alikwenda kwenye kona ya shamba ambako netiweki inashika. Mimi nikachukua jembe nikajifanya napalilia karibu yake. Nilipalilia hata viazi vyenyewe. Simu ilishika mara ya tano. Akaeleza yote, kwa sauti ya chini.

"Unajua kitu unaniomba?" Nilimsikia kaka yake, alikuwa karibu kupiga kelele.

"Ninajua."

"Kama unajua, haungeniomba."

"Yaya, huyu anakulaka kwetu."

Nilitaka kumnyang'anya simu. Nilitaka kumwambia mtoto wangu, kata, tupa, usimsikilize dada yako, ni mjinga kama mama yake. Hatua tatu tu. Sijui kwa nini sikuzipiga. Nilisimama na jembe langu kama mti.

"Jina yake yote ni nani?" akauliza.

Mjukuu wangu akayataja, majina matatu, moja moja.

Swali lile ndilo neno lake la mwisho nililolisikia.

Baada ya siku kumi na moja mdogo wa msichana yule akarudi kwao kwa miguu, kichwa kimenyolewa, miwani hana. Kuanzia siku ileile ukipiga namba ya mjukuu wangu wa kiume anajibu mwanamke, kwa Kifaransa, ananiambia hapatikani. Ananiambia kwa adabu kabisa. Nimemtukana mara nyingi, haudhiki.

Mwezi uliopita msichana alimleta huyo mdogo wake kwangu. Alivuka akimshika mkono kama kipofu. Kijana mrefu, mabega ya ndege, alikaa kwenye benchi la wageni, na dada yake akaingia jikoni kwa mjukuu wangu bila kunisalimu, kama zamani. Nikachota bushera. Nikaonja. Nilipiga mafunda mawili makubwa, aone, nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa akinitazama juu ya kopo. Bushera ilikuwa inamwagikia shati. Nilimwacha amalize kwanza. Mtu huulizwa akiwa na kitu tumboni.

"Ulimwona wangu?" nikamuuliza. "Mrefu. Kidole hiki cha mkono wa kulia kina kovu la mwiko."

"Koko, kule bote banavaa nguo bumoja."

"Nani alikutoa?"

"Asubui muntu alisimama ku mulango, jua iko nyuma yake. Akaita jina yangu, yote matatu. Akasema: toka, enda, usigeuke."

"Na wewe?"

"Sikugeuka, Koko."

Akaanza kulia, mtu mzima, kwa sababu hakugeuka. Nilimwambia alifanya vizuri, kwamba hata wangu asingetaka ageuke. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa mgeni. Rohoni nilikuwa nauma meno: ungegeuka kidogo tu, mtoto wa watu, uniletee hata kiatu chake, hata namna alivyosimama. Kisha nikawaza, amekumbuka kwamba aliitwa majina yote matatu. Wangu hakusahau hata moja. Huyo ni wangu, hakuna kazi anayofanya nusu.

Msichana sasa amerudi na ndoo yake. Jumatatu akivuka ananikuta kwenye jiwe langu. Anaweka ndoo chini, anatoa chai kwenye termosi, anaonja yeye kwanza, ananipa. Sikumwomba aanze hivyo. Naipokea, nakunywa, tunaangalia daraja. Wakati mwingine anataka kusema na namwambia anyamaze, anipishe nione watu.

Nina hasira na mjukuu wangu wa kike, na nikimwona anapita na sinia la mayai kichwani, shingo imenyooka, najivuna naye mpaka naona aibu. Vyote viwili viko tumboni mwangu pamoja na havigombani. Vimechoka, kama mimi.

Jana tulikuwa tunamenya viazi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Koko, ulinisamehe?"

"Ngoja arudi," nikamwambia. "Akirudi, nitakuambia."

"Na asiporudi?"

Nikamsogezea beseni, maana viazi vyake alikuwa anaviangushia nje.

"Menya," nikamwambia. "Kesho ni Jumatatu. Nichemshie na mimi viwili vya kubeba."