Siku Nilipookoka kwa Mzaha

Nilijipaka pilipili machoni ili nilie, kisha nikasimama kanisani nikasema nimeokoka. Upumbavu wenyewe ndio huo. Nautaja mapema, mtu asije akanisoma kwa huruma.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Walikuwa wamekuja ndugu kutoka bara, watu wa uamsho. Kwao mtu akiokoka husimama akataja dhambi zake mbele ya wote, na kama aliiba, hukirudisha kitu kwa mwenyewe kwa mkono wake. Mwenzangu wa kucheza, mtoto wa Kihindi ambaye baba yake ana duka karibu na Marikiti, alikuwa akila mhogo na mimi nje ya ukuta wa kanisa.

"Wewe huthubutu kusimama mle," akasema.

"Nikisimama?"

"Mhogo juu yangu wiki nzima."

Nikaingia, na pilipili ya mhogo ingali vidoleni.

"Bwana asifiwe!" nikasema, machozi yananitiririka. "Mimi ni mwovu. Nimekunywa divai ya meza ya Bwana, nikalewa, nikamtukana paka wa mchungaji."

Dirishani nilimwona mwenzangu akizama chini kwa kicheko. Ndani hakucheka mtu. Akina mama wakaanza kuimba. Mzee mmoja akanikumbatia hadi jasho lake likaniingia mdomoni. Na kule nyuma, benchi la mlangoni, baba yangu akasimama.

Baba hakuwa mtu wa kusimama. Alikuwa nyapara wa makuli wa kupakua meli gatini Mbaraki, na kanisani alikuja kumridhisha mama, akasinzia. Sasa alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Kama mtoto ameweza," akasema, "mimi nangoja nini?"

Akasema yote. Wakati wa vita vya pili vya dunia, nguo zilipoadimika, aliiba majora ya kaki kwenye shehena akayaficha nyumbani, na tangu hapo kila mwaka fundi anatukatia nguo humo. Niliitazama kaptula yangu. Hata machozi ya pilipili yalikauka.

Tuliporudi nyumbani akaweka gunia katikati ya chumba. Akatia kipande cha jora kilichobaki, shati lake, sketi ya mama, mfuko wangu wa vitabu. Kisha akanigeukia.

"Vua, mwanangu."

"Nibaki na nini, baba?"

"Mama yako ana leso."

Nikajifunga leso, ile kanga ya mama, nikapita chumbani kwa madaha kama bibi harusi. Baba akacheka, akacheka kabisa, kichwa nyuma. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo. Mama alikuwa akiikunja ile sketi, akaifungua, akaikunja tena.

"Watakufukuza kazi, baba watoto," akasema. "Watakufunga."

"Na wanifunge. Miaka yote hii nikimwona askari wa getini nainamisha uso. Kesho nitamtazama machoni." Akaniwekea mkono kichwani. "Huyu ndiye aliyenitoa kifungoni. Neema imepita kwa mtoto."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu: Baba, nilikuwa nafanya mzaha. Labda angezirudisha nguo sandukuni, na asubuhi angekwenda kazini kama siku zote. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kuuhurumia ule uso wake uliokunjuka. Sivyo. Niliogopa fimbo.

Asubuhi akaondoka na gunia begani. Wakubwa wake walimsikiliza hadi mwisho, wakamshukuru kwa ukweli wake, wakaita polisi. Hakimu akampa miezi sita jela, ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa jela. Nilitaka kulifanyia mzaha jina la jela hiyo. Mzaha ukakataa kutoka.

Nyumba ilikuwa ya kazi, tukapewa siku saba tuhame. Mwenzangu aliniletea mhogo wake, ahadi ni ahadi, akakuta vyombo viko nje. Akauweka juu ya meza iliyopinduliwa, akaondoka.

Siku ya saba mama alikuwa amepiga goti juu ya godoro, analifunga kamba. Nikamwambia yote: pilipili, divai ambayo sijawahi hata kuinusa, paka wa mchungaji. Nikamwambia ni mimi niliyemfunga baba, na uongo wangu ndio uliomwokoa, kwa hiyo hata huo wokovu wake si kitu.

Nilingoja kofi. Aliikaza kamba kwanza, ndipo akasema:

"Uongo wako ni wako, utamwambia baba yako mwenyewe akitoka, usinitume mimi. Lakini kumwokoa hukumwokoa wewe, usijipe ukubwa. Aliyemwokoa ni yule niliyekuwa nikimwomba miaka yote ukiwa umelala. Nilimwomba amtoe baba yako dhambini. Sikumwomba anibakishe peke yangu. Haya, shika kamba huko, uvute."